Nani Aliwatoa Watu wa Gamgol

Kijiji cha Gamgol,
Korea Kusini.
18 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Mi-gyeong,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. U hali gani huko Leipzig, na lile goti bado linakusumbua baridi ikianza? Shemeji Matthias hajambo? Mwanangu Hana je, bado anaona haya kula kimchi, kabichi yetu ya pilipili, mbele ya wenzake? Sisi huku ni wazima, ila wiki nzima sijapata usingizi wa maana, na sababu yake ni wewe.

Ndiyo, wewe. Uliporudisha ile insha ya binti yangu Dain ya kuombea ufadhili, uliandika pembeni kwa rangi nyekundu, kana kwamba hukuzaliwa huku: "Nimekiona kijiji, nimemwona mwenyekiti, nimeiona mvua. Mwanangu yuko wapi?" Mtoto alisoma, akafunga kompyuta, akatoka kwenda kufagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Basi nikueleze. Unajua kwamba mwaka jana Julai mlima wa nyuma uliporomokea nyumba za juu na hakuna aliyeumia. Ambalo hukuambiwa ni namna watu walivyopona. Dain alikuwa likizo. Alichomeka vijiti vyekundu mlimani, nyuma ya miti yetu ya matunda ya pesimoni, na kila siku alipanda kuvitazama kama ardhi inasogea. Watu walimcheka, wakasema binti wa Sang-gil anapanda miti isiyoota. Siku hiyo baada ya chakula cha mchana alishuka mbio, anahema: vijiti vimelala, na chemchemi imekauka ilhali mvua inanyesha. Akakimbilia kwa baba yake mkubwa, mwenyekiti Man-seok. Mwenyekiti akatangaza kwenye spika ya kijiji, wazee wakatoka, na kabla ya jioni nyumba ya Bibi Bok-sil ilikuwa chini ya tope.

Wilaya ikaleta ngao ya pongezi yenye jina la mwenyekiti, maana sauti iliyosikika ilikuwa yake. Ikatundikwa ukumbini. Hakuna aliyeona kasoro, na Dain mwenyewe alipiga makofi. Unatujua. Mkubwa akiwepo sifa ni zake, na mtoto anayezinyooshea mkono huambiwa hakulelewa.

Sasa hao Wajerumani wako wanauliza: wewe mwenyewe umefanya nini, na nani anakushuhudia? Dain akaandika kwamba kijiji kiliokoka chini ya uongozi wa mwenyekiti. Nikamwambia, "Andika ukweli."

"Mama, nikiandika hivyo nitakuwa nimemwita baba mkubwa mwongo. Mimi nitapanda ndege niende zangu. Nyie ndio mtabaki mnatazamana naye kila siku."

Lakini ufadhili huo ndio njia yake pekee. Chuo cha hapa kimeshamfundisha chote kilicho nacho kuhusu milima inayoporomoka, na kumsomesha nje kwa mfuko wetu hatuwezi. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu.

Nikaenda mwenyewe kwa Man-seok bila kumwambia mtu, na boksi la pesimoni zilizokaushwa mkononi. Nikamwomba aandike barua ya kumshuhudia Dain. Akaitazama zawadi, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, kwa hiyo unataka niandike kwamba siku ile mimi nilikuwa kasuku tu?"

"Hapana, shemeji. Nataka uandike kilichotokea."

"Kilichotokea kimetundikwa ukumbini. Nenda kakisome."

Pesimoni zangu zilirudi jioni ileile, boksi halijafunguliwa. Unajua maana yake. Sang-gil alipoliona boksi mlangoni akapandwa na hasira ambazo sijawahi kuziona tangu tuoane. "Umekwenda kumvua nguo kaka yangu! Mwakani maji ya shamba nitagawana na nani, na Wajerumani?" Nilimjibu vibaya, na mpaka juzi tulikuwa tunaongea kwa kupitia Dain.

Halafu ikafika siku ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi kwa mke wa Man-seok. Miaka yote mimi ndiye mchanganya pilipili wake, hakuna mwingine anayemridhisha. Safari hii walitia kabichi chumvi bila kutuita. Nilikuwa nasikia vicheko vyao ng'ambo ya ukuta. Mi-gyeong, sikufichi, nililia. Dain akanikuta, akasema, "Basi Mama, naacha. Nitatafuta kazi mjini." Alisema kwa utulivu, wala hakulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jana asubuhi spika ikakoroma. Tulidhani ni yale matangazo ya siku zote.

"Ah. Ah. Inasikika? Ndugu wanakijiji, kwanza, gari la kukusanya plastiki za shambani linakuja Jumatatu. Msiweke na matope yake. Pili."

Spika ikakwaruza, Sang-gil akadhani inaharibika.

"Pili, ile siku ya mlima. Mimi nilikuwa nimelala, nimekunywa kidogo. Dain wa Sang-gil akagonga. Nikamwambia, acha kiherehere chako, mlima huu babu yangu aliukuta umesimama. Akaingia ndani bila kukaribishwa, akawasha spika hii mwenyewe, akanivuta mkono. Akaniambia, 'Baba mkubwa, sema wewe, mimi hawatanisikiliza.' Nikasema. Ndivyo ilivyokuwa. Tatu, kabichi bado zipo, na mke wangu ameharibu pilipili. Mama Dain aje."

Hilo la kuwasha spika hata sisi wazazi wake hatukulijua. Dain alikuwa uani anaosha figili, akabaki ameinama, mikono ndani ya maji ya baridi, mpaka nilipokwenda kumtoa. Baba yake alijifuta uso kwa glavu za kazi, akasema vumbi. Tangu mvua ya juzi hapajawa na vumbi hapa, lakini nilimwachia. Kisha mtoto akaingia chumbani kuandika, akasema asiitwe hata kula.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Man-seok kwa mkono wake. Amegonga muhuri wake mwekundu mara tatu isije ikakataliwa. Itafsiri kama ilivyo, usiongeze kitu. Ila mwishoni, kwa mazoea yetu, ameandika kwamba mtoto wetu huyu bado ana mapungufu mengi na wamvumilie. Hapo paruke, tafadhali, maana huko watamwamini.

Insha mpya ya Dain itakufikia kwa kompyuta. Nimeisoma, na safari hii mwenyewe yumo. Ukimkuta mahali anajishusha tena, mwambie. Kama watamchukua au hawatamchukua sijui.

Sang-gil anakusalimu sana, na Bibi Bok-sil pia, ambaye sasa anakaa karibu na ukumbi na kulalamika kwamba spika inampigia kelele. Dain anasema, "Shikamoo, mama mdogo, na samahani kwa usumbufu." Nakuombea goti lako lipone na nyumba yako ijae amani.

La mwisho, Mi-gyeong. Nimepigana wiki nzima mpaka nikasahau ninachokipigania. Jana mchana kwa Man-seok tulipokuwa tunagawana kimchi, nikajikuta naweka mtungi mmoja pembeni. Mke wa Man-seok akauliza ni wa nani. Nikasema wa Dain, atakaporudi. Hata barua ya maombi haijaondoka, na mimi nimeshaanza. Ndivyo Mama alivyokuwa akikuwekea wewe, kwa sababu ulisema utakaa huko miaka miwili tu. Alikuwekea kila mwaka mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo tafsiri vizuri, kwa akili zako zote, asikose nafasi. Na akifika huko, mkumbushe kurudi, wewe uliyesahau.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,
Jeong-nim