Papa, Kipande Kile Nilikichukua Mimi

Papa wangu,

Assalaam alaykum huko uliko. Barua hii nimeianza mara tatu na nimeichana mara tatu, na wewe hukupenda mtu anayeharibu karatasi. Hii ya nne naimaliza, na nitawasomea wanawake wenzangu wa msikitini hapa Kamembe, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia mbele ya watu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia habari za Sayyidna Umar huku mkasi uko mkononi? Fundi ni fundi: kati ya habari zake zote uliipenda ile ya kitambaa. Vitambaa vimekuja kutoka Yemen, kila Muislamu amegawiwa kipande kimoja, na Umar, kiongozi wao, naye kimoja. Kisha anapanda mimbari amevaa kanzu nzima. Mtu mmoja anasimama: hatukusikilizi, kanzu nzima umeitoa wapi? Hapo ulikuwa unaweka mkasi chini. "Muntu murefu vile, kipande moja haiwezi fika hata mu magoti! Miye fundi ninajua." Umar hakukasirika. Alimwita mwanawe Abdallah, naye akasimama mbele ya wote akasema kipande chake alimpa baba yake. Yule mtu akaridhika, akakaa, akasema sasa tunakusikiliza. Na wewe ulicheka peke yako kama vile ulikuwepo.

Habari ile haikuishia mdomoni mwako. Kila nguo ilitoka kwako na mabaki yake, hata kakipande kadogo kama kidole, umekafunga kwa uzi wa nguo ileile. Mafundi wengine walikucheka. Mabaki ni ya fundi, ndiyo desturi, kila mtu anajua. Wewe ulisema, "Kitu ya muntu ni ya muntu." Watu walitoka Nzahaha na Rwimbogo, wakawapita mafundi wote njiani, wakaja kwako.

Halafu mimi, binti yako, fundi mwenzako, mwanamke mzima mwenye mume, nikachukua mabaki ya Maman Esperance.

Wallahi sijui nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa na mimba ya kwanza, kitenge kile cha manjano kikanitia tamaa, nikajiambia kigauni cha mtoto hakiwezi kumfilisi mtu. Kumbe Maman Esperance, jirani yetu aliyekulia Bukavu, alikuwa anayategemea mabaki yale kwa kilemba cha mama yake siku ya harusi ya binti yake. Akaja siku ya soko, baraza imejaa. "Papa Fundi, na weye? Na weye sasa unaiba?"

Ulitafuta juu ya meza, ukatafuta chini, halafu ukanigeukia. Ulinitazama tu, na mimi nilijua kabisa kwamba ni zamu ya mtoto kusimama. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukanyaga cherehani. Haikuwa hata na uzi, Papa.

Tangu siku ile hukusimulia tena habari ya Umar. Watoto wa madrasa walikuja, "Papa Fundi, tuambie ya kanzu," ukawajibu, "Muulize mwalimu." Nikadhani ni maneno ya watu, kwamba mtu aliyeitwa mwizi anaona haya kutaja haki. Nikasema nitakwambia nikijifungua. Nikajifungua. Nikasema baada ya Ramadhani. Zikapita Ramadhani tatu. Ukaugua, nikasema akipata nafuu. Kesho, kesho, mjinga mimi! Nilikuosha miguu hospitalini na bado sikusema, mpaka tukakuzika.

Wiki iliyopita nilikitoa kile kigauni, ambacho mtoto hakukivaa hata siku moja, nikampelekea Maman Esperance. Nilipiga magoti mlangoni kwake nikamwambia yote, ili alisafishe jina lako. Akanitazama kama haelewi.

"Lakini Papa yako alikuya hapa," akasema. "Kesho yake asubuhi. Akaniletea kilemba mupya, akaniambia: Maman, unisamehe, ni miye nilikata mubaya, nikaficha. Nikamusamehe. Sikuambia muntu."

Nililia mpaka akaniletea maji. Kumbe ulijua. Uliona kichwa changu kilivyoinama, ukajua. Ulitufundisha kwamba Umar alipokataza watu jambo alianza na watu wa nyumba yake, na wewe ulipofika kwa wa nyumba yako ukashindwa. Ndiyo maana ulinyamaza miaka yote ile: uliona huna tena haki ya kumtaja.

Nimekukasirikia kidogo, nisamehe. Ungenisimamisha pale barazani. Ungenifokea mbele ya wote, ningelia, ningeomba radhi, na jioni tungekula pamoja. Ulinihurumia, Papa, na huruma yako inaniuma kuliko fimbo.

Ijumaa baada ya swala nitasimama, nitawaambia aliyechukua ni nani. Lakini kuna jambo ambalo kusimama kwangu hakuliondoi. Ninavyokujua, maisha yako yote ulisema uongo mmoja tu, na ulikuwa kwa ajili yangu. Kila ninaposujudu namwomba Mwenyezi Mungu auandike kwangu, asiuandike kwako.

Pumzika, Papa.

Ni mimi, binti yako.