Pembe ya Baba Getini

Nyumba Na. 114,
Makazi ya Mwangaza,
Same.
14 Aprili, 2025

Mpendwa Kaka Elinaza,

Shikamoo. Habari za Sumbawanga na baridi yake? Wifi Hedwiga goti limepoa? Sisi wazima, Mungu ni mwema, ila viganja vyangu vimejaa malengelenge, ndiyo maana mwandiko unayumba. Usicheke, nitakueleza.

Najua unasubiri habari za Mama. Ulisema hatamaliza miezi mitatu huku kwenye nyumba za mageti, na nusura ushinde. Tangu Februari begi lake lilikaa mlangoni, limefungwa. Nyumba mia mbili, anasema, na hakuna anayeuliza umeamkaje! Roho iliniuma, maana kule kijijini Suji angebaki peke yake na ile presha yake.

Basi mvua ikashuka kutoka milimani, ikakata barabara yetu ya kuingilia. Gari la maji haliingii, basi la shule haliingii. Kwenye grupu la wakazi tukazozana wiki nzima: kazi ya kampuni, kazi ya kamati, wewe nani! Hakuna aliyeshika jembe.

Jumamosi alfajiri Mama akachukua pembe ya marehemu Baba, akasimama getini, akapuliza kuita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kama vile yuko Suji! Weee! Sisi Wapare tukatoka na majembe bila kuuliza. Wengine wakatoka na marungu wakidhani ni wezi. Jirani yetu Tomaso, mtu wa Tabora, alikuja na panga: "Mwizi yuko wapi?" Mama akampa chepeo. "Ni hilo korongo, baba. Lifukie."

Tulifukia, tukapanga mawe, tukaimba. Saa saba gari la maji likapita kwa vigelegele. Makande tulipika palepale. Kanuni zinakataza kuni nje, lakini mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyechochea moto!

Sasa Mama kwenda dukani ni safari. Kila geti shikamoo Bibi, na analalamika kwamba marahaba zimemkausha koo. Muongo, anafurahi.

Jana nikakuta begi halipo mlangoni. Nikakimbia hadi getini. Kumbe kamwazima Lukia, mke wa Tomaso, anayekwenda kwao kujifungua na kukaa huko miezi mitatu. Nguo zake mwenyewe Mama kazipanga kabatini. Nililia, Kaka, wala sioni aibu.

Wasalimie Wifi, Fredrick na Devotha. Mungu awalinde mkilala na mkiamka. Mama anasema ukija Krismasi uje na jembe lako.

Mdogo wako akupendaye, malengelenge na yote,
Beatha