Tulichosali Nyumbani Kwako, Asteria

Wifi yangu Asteria,

Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie mama shikamoo yangu, maana najua ukishaanza utasahau.

Ujumbe wako umenikuta nikianua nguo. Wingu lilikuwa limeshuka juu ya Bunju yote, upepo unanipiga mashuka usoni. “Mlisali nini kwangu?” Ndiyo hayo tu. Salamu hakuna, utani hakuna. Tangu masika ulipofunga begi ukaenda kwa mama yako Masasi hujaniandikia hata nukta, leo unaniuliza swali kana kwamba ulitoka tu kwenda dukani. Nilikaa juu ya ndoo nikakusoma mpaka nguo zikalowa upya. Nimefurahi, wifi. Nimeogopa pia, kwa sababu naona kabisa kwamba jibu langu likiwa baya hutaniuliza tena kitu, na pengine hutarudi.

Ningeweza kukupigia. Lakini ningelia, na wewe ukisikia mtu analia kwenye simu unakata, nakujua. Kwa hiyo nakuandikia. Mama Fortunata, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ameniomba barua hii niiache wazi, wanawake wengine waisome, maana anasema si wewe peke yako uliyenyamaza. Nimekubali bila kukuuliza. Ukichukia, nichukie mie.

Ngoja nianzie mbali basi, unajua sijui kusimulia kwa mkato.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Ndoa yangu ya Tandika ilikuwa imenishinda. Nimekonda, nimebeba begi na feni ya mezani, kama mtu aliyeambiwa achague kitu kimoja cha kuokoa akachagua vibaya. Ukanitazama pale getini ukasema, “Karibu, mstaafu.” Kaka Damasi akakukata jicho. Mie nikacheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Hukuniuliza kama nasali. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa, nina majibu yangu makali tayari. Kule nilikotoka walikuwa wameniombea mpaka nikachoka. Ndugu wa mume wananizunguka sebuleni, mikono kichwani kwangu, sauti juu, wananitaka nitaje nilichofanya usichanani hata nikakosa mtoto. Sikuwa na cha kutaja. Tangu hapo nikimsikia mtu anavuta pumzi ili aanze kuomba, natafuta mlango. Wewe ulinionyesha bafu lilipo, ukanipa kanga kavu, ukaniacha nilale.

Siku zile za kwanza nazikumbuka kama usingizi wa mchana. Pazia la bluu la chumba cha nyuma linajaa upepo na kutulia, linajaa na kutulia, na mwanga wote ndani unakuwa wa bluu mpaka mikono yangu naiona si yangu. Kwa mbali nasikia ungo unapeta mchele, na sauti yako. Unaongea, unanyamaza, unaguna, unaendelea. Nikadhani uko kwenye simu na mama yako. Nilikuwa nasinzia humo humo kwenye sauti yako, naamka bado unaongea. Halafu siku moja nikatoka na kukuta simu yako iko chaji sebuleni.

“Unaongea na nani?” nikakuuliza.

“Na Mungu. Namwambia haya maharage ya jana yameanza kuchacha na sina mengine.”

“Anajibu?”

“Siku nyingine anajibu. Siku nyingine ananyamaza kama kaka yako.”

Ukaendelea kupeta. Hukuniambia kaa hapa nikufundishe, hukunitafutia mstari wa kusoma. Nilirudi ndani nikiwa na hasira kidogo, sijui hasira ya nini. Nadhani nilikuonea wivu, maana mie sikuwa na mtu wa kumwambia hata habari za maharage.

Ni mie niliyekuchokonoa baadaye. Tulikuwa tumekaa barazani alasiri, unanisuka, kichwa changu kiko magotini pako, na nikaona ni rahisi kukuuliza kwa sababu hatutazamani. Kwa nini unaamini? Ulimaliza kwanza mstari mzima. Kisha ukanisimulia habari za Mikocheni, ulipokuwa unashona sare kwenye karakana ile yenye joto, na jinsi saa ya mapumziko ulivyokuwa unaingia kanisani jirani.

“Kusali?”

“Wee, kusali wapi. Nilifuata feni.”

Ukasema ulikuwa unatafuta mtoto miaka hiyo, umechoka na kila kitu, umechoka na kushona mashati ya watoto wa watu. Ulikuwa unajinyoosha kwenye benchi la nyuma, unalala. Mzee wa kufagia alikuwa anafagia kukuzunguka, hakuamshi. Na mchana mmoja uliamka ukajua kwamba kulikuwa na mtu amekaa nawe muda wote uliolala, na si yule mzee. “Sikuona kitu,” ukasema. “Sauti sikusikia. Nilijua tu, kama unavyojua kuna mtu chumbani hata ukifumba macho.” Mtoto hukupata siku hiyo wala mwaka huo. Lakini tangu hapo ukaanza kuongea naye, kwa sababu, ulisema, ni utovu wa adabu kukaa na mtu kimya kila siku.

“Kwa hiyo wewe uliokoka umelala,” nikakutania.

“Fofofo. Na udenda juu.”

Tulicheka mpaka ukaniharibia msuko. Wifi, mahubiri nimesikia mengi maishani mwangu, ya vipaza sauti na ya viwanjani. Hilo la benchi na udenda ndilo lililoniingia. Nililala nalo siku nyingi, nikilitazama tu.

Halafu ikaja ile mvua. Nilikuwa nafua kwenye korido ya nyuma, bati linapiga kelele mpaka mtu hajisikii, na labda ndiyo maana nilithubutu. Nikasema kwa mdomo, huku mikono imo kwenye povu, “Kama upo, mie nimechoka.” Basi. Hakuna kilichotokea. Ila nilipogeuka ulikuwa umesimama mlangoni na beseni lingine, na uso wako umeutazamisha kwenye mvua.

“Umenisikia?”

“Sikusikia,” ukasema. “Hayakuwa yangu.”

Ukaweka beseni chini ukaanza kusuuza. Nilikupenda sana siku ile, na sikukuambia, kwa hiyo nakuambia sasa.

Kisha miaka ile ya kungoja ikaisha, ukapata mimba, na nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole vya miguu. Ukajifungua. Nakumbuka alfajiri za hapo nyumbani, chai ya tangawizi, kaka amembeba mwanawe anamwonyesha kuku wa jirani, na wewe jikoni unaongea na Mungu wako bila hata kumaliza sentensi, unasema tu “haya, haya, haya,” unacheka. Sijawahi kuona mtu ana furaha ya namna ile. Nikizikumbuka siku hizo zinakuja zimefunikwa na ukungu mwembamba, na ndani yake kuna harufu ya mafuta ya mtoto.

Masika yakaja na homa, na mtoto akatutoka.

Sitasimulia hayo, unayajua. Nitasema tu la Mama Fortunata, kwa sababu lazima. Kwenye mkeka wa msiba alikushika mkono akakuambia Mungu amechuma ua zuri kwa ajili ya bustani yake. Ukamtazama. Ukasema, “Bustani yote ile, akakosa ua jingine?” Ndiyo maneno yako ya mwisho niliyosikia yenye Mungu ndani yake. Baada ya hapo jikoni pakawa kimya. Jumuiya wakakutumia mistari na sauti za maombi kwenye simu, asubuhi na jioni, kwa nia njema kabisa, mpaka ukajitoa kwenye grupu. Kisha ukafunga begi. Kaka alikusindikiza hadi stendi, akarudi, akakaa na viatu sebuleni mpaka jioni.

Sasa nakuja kwenye swali lako.

Oktoba hii, kama kila mwaka, sanamu ya Bikira Maria ilitembezwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya rozari. Jioni moja analala kwa huyu, jioni ya pili wanamhamisha kwa nyimbo na mishumaa kwenda kwa yule. Zamu yako ilipokaribia, wanawake wakaanza kunong'ona. Wengine walitaka kuiruka nyumba, eti wasije kutonesha kidonda. Wengine walitaka kuja na maombi maalumu, urudi kundini. Nikasema mleteni, kwa zamu yake, kama nyumba nyingine yoyote. Nilisema hivyo kwa ujeuri, wifi, moyoni sikuwa na uhakika.

Wakaja jua linazama. Nilikuwa nimetandika kitambaa chako cheupe cha kufuma na kuweka maua ya asumini kwenye glasi. Uwanja ulijaa vitenge, mishumaa inayumba, sauti zinapanda polepole kutoka njia panda. Nilihisi kama natazama kitu kinachotokea chini ya maji. Kaka akaipokea sanamu, akaiweka juu ya kitambaa.

Sasa, unajua desturi: mwenye nyumba ndiye anayetaja nia. Kaka akanitazama, akatikisa kichwa. Mama Fortunata akanigeukia, na nikaona kwenye macho yake ile nia aliyoitarajia, ya kondoo aliyepotea. Sikuwa nimeandaa neno hata moja. Tangu mtoto wenu azikwe hakuna aliyelitaja jina lake katika nyumba ile, wala baba yake, wala mie. Tulikuwa tunalipita kwa mbali, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake. Nikasimama pale, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile yako ya jikoni, ya kawaida kabisa.

Haya ndiyo niliyosema, neno kwa neno, na kaka ni shahidi.

“Mungu, mwenye nyumba hii hayupo, na unajua kwa nini. Amekukasirikia. Hatukuombi umrudishe kundini, hajapotea, yuko Masasi kwa mama yake. Tunakuomba uende wewe. Umemchukua Kasiani wake, basi nenda ukamtazame machoni.”

Nilidhani watanitoa nje. Adhana ya magharibi ilisikika kutoka upande wa barabarani, nta inadondoka mikononi mwa watu na hakuna anayejifuta. Halafu Mama Fortunata, amepiga magoti hapo kwenye saruji, akasema kwa sauti ndogo, “Na Tadei.” Hakuna kati yetu aliyejua kwamba aliwahi kuwa na Tadei. Mama mwingine akataja jina. Na mwingine. Tulichelewa sana kuanza rozari, na tulipoianza nusu ya watu hawakuwa na sauti.

Tulipokuwa tunaosha vikombe Mama Fortunata alinishika kiwiko. “Lile neno la ua,” akasema, “niliambiwa mie nilipomzika mwanangu. Nililichukia miaka yote. Sijui lilinitokaje nikampa Asteria.” Ameniomba nikuambie hivyo, bila kukuomba lolote juu yake. Nimekuambia.

Asubuhi yake kaka alikunywa chai bila haraka. Akatazama kiti cha pembeni akasema, “Kasiani angekuwa anasimama kwa kushika viti sasa.” Alilia, na mie nililia, na kisha alikwenda kazini. Siku hizi tunamtaja. Inauma, wifi, sikudanganyi, lakini ni maumivu yenye mtu ndani yake, si lile shimo tulilokuwa tunalizunguka.

Ndiyo hayo tuliyosali kwako. Sikuandikii urudi. Ukirudi husali, rudi hivyo hivyo, hakuna atakayekupima. Ukikaa huko hadi Pasaka, kaa. Hasira yako mie siiogopi, na kwa jinsi ulivyonifundisha kumjua yeye, nadhani naye haiogopi. Mtu huwezi kumkasirikia namna hiyo asiyekuwepo.

Ila nina swali na mie. Je, ameshafika huko? Sitaki habari za maono. Kama amekuja akakaa tu pembeni yako na hamjasemezana, niambie. Na kama hajafika niambie pia, nikamgombeze, maana nilimtuma mie kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Nakungoja,

Wifi yako wa Bunju