Ngazi Isiyo na Pa Kusalimiana

Murubona, Kasulu
9 Juni 2025

Mpendwa kaka Leonidasi,

Shikamoo. Habari za Mwanza? Wifi na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi huku wazima, isipokuwa Mama. Habari zake ndizo zimenifanya nimpe dereva wa basi barua hii, maana simu zangu hupokei.

Mahindi tumevuna. Maharage hayakufanya kitu, mvua iliwahi kukatika.

Kaka, unakumbuka nilivyoichora ngazi ya nyumba yetu ya sanaa? Chini studio ya kina mama wasusi, juu ukumbi wa kuonyesha vikapu vyao. Niliipinda kama njia ya mlimani, vidato vifupi, na katikati nikaweka baraza pana lenye benchi. Ukaniuliza baraza la nini. Nikakujibu kwamba sisi Waha hatupishani bila kusalimiana, na salamu yetu inataka makofi, mikono yote miwili. Ukacheka, ukasema umekubali. Nikaenda zangu Kibondo kufundisha wasusi wa huko, moyo mweupe.

Narudi, nakuta ngazi imenyooka kama ya kupandia darini, nyembamba, baraza hakuna. Fundi Mansuri akashangaa hasira zangu. Kumbe ulimpigia ukamwambia pale chini panatakiwa chumba cha kupangisha, na kwamba mimi nimeridhia. Mimi, kaka? Umenizunguka, tena kwa jina langu. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeyaona. Bora ungeniambia mwenyewe, ningenuna wiki moja yakaisha.

Siku ya ufunguzi Mama alikuwa anapanda akaone vikapu vyake vilivyotundikwa ukutani. Mzee Ildefonsi, yule katekista wetu wa zamani, akawa anashuka. Unamjua Mama. Amwone mkubwa wake asimwamkie? Aliachia kishikio, akainama, akapiga makofi, "Mwidiwe," na hapo hapo akaanguka. Amevunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo. Daktari anasema mfupa utaunga, ila kama atasuka tena hajui.

Lililonimaliza si hilo. Kasulu nzima inajua ngazi nilichora mimi, na Mama anajua hivyo hivyo. Kila nikimlisha uji ananibembeleza, "Usijilaumu, mwanangu, hata fundi mzuri hukosea." Namwongezea kijiko kingine. Nikisema ni wewe, itamuuma kuliko huo mkono.

Kwa hiyo simwambii mimi. Utakuja, utakaa kitandani pake, utamwambia kwa mdomo wako. Nimekukasirikia, kaka, sitakuficha, na hata ukija sijui kama nitaweza kukutazama.

Msalimie wifi Loyce na mwanetu Philemon. Mungu awatunze, nawe akufikishe salama.

Mama anakusalimia sana. Ameniagiza niandike kwamba ukija upande juu ukaone vikapu vyake, halafu umsimulie vinavyoonekana, kwa kuwa yeye hakufika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado na inaniuma,
Philomena