Magadi kwenye Shimo la Viazi

Jumatatu, 10 Juni

Viazi vitamu tena tangu asubuhi. Mgongo unauma vibaya. Mahali ambapo jembe lingekata nimechimba kwa mikono, maana kiazi chenye kidonda ndicho mlango wa ukungu. Vyote nimevitandaza kivulini vipone michubuko.

Kijiji kizima cha Kaniha kinakata viazi vipande vya michembe na kuanika. Mimi sianiki. Nataka viazi vizima mwezi wa tisa, wakati wengine wote wanatafuna michembe.

Shemeji Deo kapita. Hakuuliza hali. Kakumbusha tu alichosema mbele ya ukoo: mwaka jana shimo langu la kuhifadhia viazi lilioza lote. Mwaka huu likioza tena, shamba aliloniachia kaka yake marehemu atalima yeye, mihogo. Siku ile nilijibu sawa, kwa hasira. Sijutii. Ng'o.

Alhamisi, 13 Juni

Bwana shamba alitueleza mkutanoni Nyantakara: magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Yayeyushe kwenye maji, chovya viazi, viache vikauke kivulini, usisuuze. Ukungu hauyapendi. Watu wakacheka. Mama mmoja akauliza kama aongeze na vitunguu. Mimi sikucheka.

Leo nimenunua magadi yote ya duka letu. Mwenye duka kauliza kama nina harusi. Nimemwambia ndiyo, yangu na viazi.

Jumamosi, 15 Juni

Hasira. Hasira tupu.

Nimechovya viazi mchana kutwa, vidole vinawaka. Nikamwambia mama mkwe visisuuzwe, nikaenda kukata nyasi za kutandika shimoni. Kurudi, nimemkuta mama mkwe kwenye beseni la maji safi, kashasuuza karibu nusu. Kwa moyo mweupe kabisa. Hapa kila mpishi wa maharage anajua magadi yakizidi chakula kinanuka sabuni. Kwa hiyo yeye kaviokoa.

"Mwanangu, ungewalisha watoto sabuni," kasema, huku akijifuta mikono.

Nimelia nyuma ya jiko. Magadi yameisha, dukani hakuna. Viazi haviwezi kungoja hadi gulio. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Vyangu nimeviweka upande wa kushoto wa shimo, alivyosuuza upande wa kulia, katikati ukuta wa udongo mkavu. Majivu, nyasi, kifuniko. Basi.

Mama mkwe kauliza kwa nini namtenga. Nimechukua beseni nikaenda kuliosha. Nilikuwa na majibu mabaya tu.

Jumatano, 17 Julai

Harufu ya pombe shimoni. Nimeisikia nikifagia. Sijafunua. Naogopa, na kuogopa kwenyewe kunaniudhi.

Jumapili, 4 Agosti

Deo kaja baada ya ibada, na suti yake. Harufu imefika hadi barabarani, hata yeye kaisikia. Kachukua jembe kwangu bila kuomba, kafunua upande wa kulia. Uji mweusi, ukungu mweupe juu yake kama pamba.

Kacheka. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba kesho analeta vijiti vya mihogo. Nimemwambia afunue na kushoto. Kakataa. Ameona ya kutosha, eti. Nimelishika jembe. Tumevutana pale, watu wazima wawili, suti yake ikaingia majivu.

Mama mkwe katoka na kigoda chake. Nilidhani anakuja kumtetea mwanawe. Kakiweka juu ya kifuniko cha kushoto, kakaa.

"Ulivyofunua ni vyangu, Deo. Nimeviosha mimi. Huyu mke wa kaka yako alisema visisuuzwe, sikusikia. Hivi vya kwake tutafunua siku anayotaka yeye. Na vijiti vyako ukapande kwako."

Deo kalitupa jembe, kapangusa suti. Mama yake ni mama yake. Kaondoka bila kuaga.

Nimeokota jembe langu. Miaka yote hii nilidhani hanipendi.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumefunua kushoto. Vichache vimeoza, vile vilivyopata vidonda nisivyoviona. Vingine vyote vigumu, ngozi kavu, vitamu kuliko siku ya kuvuna. Havinuki sabuni. Nimeosha, nimechemsha, nimempelekea Deo sahani. Kapokea. Kasema shikamoo yake imfikie mama. Habari za mihogo hakuzitaja, nami sikuuliza. Mvua ikianza napanda marando ya viazi palepale.

Usiku tumekula maharage. Yalikaa motoni tangu mchana, bado magumu. Watoto wamelalamika. Nimechungulia kopo la magadi, nikidhani limeisha. Limejaa, limefungwa kwa kitambaa, liko juu ya rafu asikofika mtoto.

Nimemtazama mama mkwe. Anatafuna polepole, kwa meno yake machache.

"Ya viazi vya mwakani hayo," kasema.

Nimejiongezea maharage.