Waya wa Manjano na Waya Mwekundu

Jumanne, 15 Julai

Chai, vidonge vitatu vya Baba, kisha ufunguo. Kila siku saa kumi ni hivyo hivyo. Baba anasimama kwenye mlango wa jikoni na kunyoosha mkono. Mama anageuza uso.

Tangu kiharusi cha Machi ulimi wa Baba ni mzito na mguu wa kulia unaburuta. Mwezi Mei aliwasha gari peke yake, akaingia nalo kwenye ua wa jirani, hatua mbili kutoka pale jirani alipokuwa akifua. Tangu siku hiyo Mama hutembea na ufunguo umefungwa kwenye ncha ya leso.

Baba haombi kuendesha. Anaomba redio tu, na bila ufunguo redio haiwaki. Miaka thelathini na moja aliendesha magari ya serikali. Hili kuukuu ndilo la pekee lililowahi kuwa lake. Leo alisema "Tafadhali." Neno moja, lilimchukua muda kulitoa. Mama akampa, akasimama kando ya gari kumlinda kama mfungwa. Nilichukia kuona.

Na redio yenyewe haifai. Ilikuja na gari kutoka Japani, namba zake zinaishia tisini, na stesheni ya lugha yetu iko juu zaidi. Anasikiliza mikwaruzo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimenunua redio ya skrini, ya kugusa. Inchi tisa, ya Kichina, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Nikaipeleka kwa fundi Keya, sokoni Khayega.

Fremu haikuingia kwenye dashibodi. Keya aliikata kwa msumeno, akaipiga tupa hadi ikakubali. Upande wa kushoto umebaki mwanya wa unene wa kidole.

Kisha nyaya. Waya wa manjano huchukua umeme wa betri wakati wote, redio isipoteze kumbukumbu. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa tu. Nilimwambia aunganishe zote mbili pamoja. Redio iwake kwa kitufe, ufunguo usihitajike.

"Madam, hiyo inakulanga betri."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Saa mbili kwa siku, kisha ninaendesha hadi shuleni na kurudi, betri inajaa tena. Nilimchorea kwenye boksi la redio.

"Sawa. Wewe ndio mwalimu," alisema. "Mimi ni wa kukaza skurubu." Wenzake wakacheka. Mimi pia.

Jumapili, 20 Julai

Baba alibonyeza kitufe mwenyewe. Skrini ikawaka, uso wake ukawa wa buluu. Nikamtafutia stesheni. Matangazo ya vifo yalikuwa hewani: marehemu ni mtoto wa nani, ameacha nani, atazikwa lini. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani.

Kisha akanishika mkono. "Mama," aliniita. Nimerithi jina la mama yake, ndivyo alivyoniita siku zote. Ila tangu Machi lilikuwa halijamtoka.

Nimelia chooni. Furaha. Niandike hivyo, ni nadra.

Alhamisi, 24 Julai

Haombi tena. Saa kumi anatoka na fimbo yake, anafungua mlango wa gari, anakaa kwenye usukani, anafunga vioo. Mama analalamika kwamba chai inapoa. Si chai inayomuuma. Ufunguo bado uko kwenye leso na hakuna anayeuomba.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Nimebeba mitihani ya vidato viwili nyumbani. Nimechoka hadi kwenye meno. Sitaki kwenda popote.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua kila alasiri. Sijatoka nje ya boma tangu Ijumaa. Mitihani sitini imebaki.

Baba sasa anakaa garini tangu baada ya chakula cha mchana hadi kuku waingie. Leo alinionyesha skrini kwa kidole: ilijizima, ikawaka tena. Nikamwambia ni redio ya bei rahisi, ndivyo zilivyo. Nikarudi kwenye mitihani.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa kumi na moja na nusu asubuhi Mama alinigongea. Baba hawezi kuinua kichwa. Mdomo umekwenda upande.

Gari halikuwaka. Taa za dashibodi zikaja kidogo, stata, mota ya kuwashia injini, ikagonga mara moja, basi.

Nilijua papo hapo. Siku sita bila gari kutembea. Hesabu yangu ilikuwa ya muhula. Sikupiga ya likizo. Redio hudai umeme kidogo, ndiyo maana iliendelea kuimba hadi jana jioni. Stata hudai mwingi.

Gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Nalifundisha jambo hilo darasani. Tulilisukuma hata hivyo, mimi na Mama, hadi kwenye lango, kwenye matope. Sijui kwa nini. Dakika ishirini zilikwenda pale.

Shikuku wa bodaboda alikuja kutoka barabarani. Tulimpakia Baba katikati, mimi nyuma nikimkumbatia. Kichwa chake begani mwa Shikuku. Utelezi wote ule. Kiatu kimoja kilianguka, hatukusimama.

Hospitalini walimpokea haraka. Daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Nikamwambia. Akatazama saa ya ukutani, akaandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba amefariki. Saa tisa alasiri. Nilikuwa nimemshika mguu, ule mzima.

Jumatatu, 11 Agosti

Lisutsa, kaka yangu, amefika kutoka Nairobi. Akaliwasha gari kwa nyaya za betri ya gari la rafiki yake. Liliwaka mara ya kwanza. Akasema betri imezeeka tu, nisijali. Nikaenda kuchemsha chai.

Watu wanakuja, wanakaa, wanasema Mungu amempenda zaidi. Nawapa chai.

Alhamisi, 14 Agosti

Kamati ya mazishi ilikaa chini ya turubai. Nani atasimulia ugonjwa? Kwetu hakuna maiti inayoingia kaburini kabla ya watu kuelezwa: alianza kuugua lini, alipelekwa wapi, nani alikuwa naye, alikufaje. Anayesimulia ni yule aliyekuwepo. Watu husikiliza sehemu hiyo kuliko mahubiri.

Lisutsa alisema tuchape mistari miwili kwenye karatasi ya wasifu, inatosha. Senje, dada mkubwa wa Baba, akamkatiza. "Karatasi ilimpeleka hospitali? Msichana atasimama."

Baadaye nilimwambia Lisutsa kuhusu nyaya. Aligeuka kuona kama kuna mtu karibu. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Sema alizidiwa, mkampeleka, basi. Si uongo."

Kweli, si uongo. Ndicho kinachoniogopesha. Naweza kusema sentensi hizo tatu, na hakuna mtu duniani atakayejua. Nitabaki nazo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeandika maelezo mara nne. Mawili yana nyaya, mawili hayana. Mama hajui kitu. Nikisema, atajua mbele ya watu wote. Nisiposema, nitakula naye meza moja hadi mmoja wetu afe.

Siwezi kumwambia leo. Analala kwenye mkeka kando ya jeneza. Nilijaribu. Alinipisha nafasi, akadhani nimekuja kulala.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumemzika.

Nilisimama na maikrofoni. Nikaanza na Machi. Mei. Nikafika Julai, na karatasi niliyoishika ilikuwa ile isiyo na nyaya. Niliiona. Nikaikunja.

Nikawaambia. Kwamba niliweka redio ili Baba asiombe ufunguo kama mtoto. Kwamba fundi alinionya na nikamcheka. Kwamba betri iliisha, gari halikuwaka, na tukapoteza muda tukilisukuma.

Mshereheshaji alinijia na mkono umenyooka. "Asante mwalimu, asante, uchungu ni mwingi, tumpigie mwalimu makofi ya kumtia moyo…"

"Wewe, mwache amalize!" Senje, kutoka kwenye viti vya mbele. "Au ulikuwepo?"

Nikamaliza. Mtu alikohoa. Fundi Keya alikuwa nyuma karibu na masufuria, kofia mkononi, anatazama chini. Sikuthubutu kumtazama Mama.

Kisha kwaya ikaanza, na mambo yakaendelea kama kawaida.

Jioni Lisutsa alisema, "Umejivua nguo mbele ya kijiji kizima. Umefurahi?" Sikufurahi. Nilidhani ningekuwa mwepesi. Niko vile vile, ila sasa watu wananipisha njiani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilimuuliza Senje kwa nini hakuna anayenilaumu. Alikuwa anafunga mzigo wake kurudi kwake.

"Si umeshasema kwenye jeneza? Hatuulizangi tena."

"Kwa hiyo mmenisamehe?"

"Nimesema hatuulizi. Sikusema hayo mengine. Nishikie hapa nifunge."

Nikashika. Nilitaka mtu anipige. Hii ni mbaya zaidi. Jambo limefungwa, na mimi nimo ndani.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama hajaniambia neno tangu mazishi, ila yale ya lazima. Chumvi. Maji. Funga kuku.

Nilifungua dashibodi, nikatenganisha nyaya, nikazifunga kwa utepe. Kazi ya dakika kumi.

Jumapili, 24 Agosti

Shule kesho. Baada ya kanisa nilipiga pasi sketi mbili. Mama alikuwa mlangoni akibambua maharagwe. Nikachukua ungo, nikakaa upande wa pili. Hakunifukuza.

Tulibambua muda mrefu. Kisha akaanza kusema, bila kuinua macho. Alisema Alhamisi ile, siku ya mwisho, giza liliingia na Baba bado yuko garini. Alitoka kumwita. Akafika hadi kwenye boneti. Hakumwita.

"Alikuwa anaimba," alisema.

Nikamwambia Baba hakuweza kuimba. Kuzungumza kwenyewe kulimshinda.

"Najua. Nami nilishangaa. Maneno yote yalikuwa yanatoka, mazima, pamoja na ile kwaya ya redio. Nikasimama tu pale. Nikasema moyoni, mwache, hata saa nzima, mwache."

Nilikuwa sebuleni jioni ile, na mitihani. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. Sikusikia kitu.

Nikamuuliza ulikuwa wimbo gani.

Alitulia, ganda mkononi. Mwisho akasema hakumbuki.

Akasogeza fungu lingine la maharagwe katikati yetu.