Programu Iliyokufa Kila Nilipotoka Ofisini

Jumatatu, mwezi wa sita. Kipupwe kimeingia. Milima imejifunika ukungu, haionekani kabisa, na hapa Kihonda watu wanapita na makoti.

Nimeamka na furaha ambayo sijaizoea, kwa hiyo naiandika kabla ofisi haijajaa.

Kwa aliye mgeni hapa: kazi yangu ni kulea seva moja, kompyuta isiyozimwa usiku na mchana, iliyopo chumba cha nyuma cha kampuni yetu ndogo. Jioni wenzetu wanatuletea bei za mboga kutoka sokoni, na alfajiri programu inawatumia wakulima wa mlimani meseji: kabichi kiasi hiki, karoti kiasi hiki. Mkulima akiijua bei kabla dalali hajafika na lori, anakuwa na kauli.

Programu yenyewe inatakiwa ikae nyuma ya pazia usiku kucha, ikisubiri saa yake. Nilikuwa naiwasha jioni, nahakikisha ni nzima, nafunga kila kitu, naenda nyumbani.

Alfajiri naikuta imekufa.

Nikawa nadamka kabla ya adhana kuja kuiwasha kwa mkono. Nikikaa nayo haina tatizo. Nimeichunguza mchana kutwa, siku baada ya siku, sikuona ubovu wowote. Mama Shani wa uhasibu alinicheka mpaka akavua miwani.

“We baba, hiyo kitu imekuzoea. Ukiipa mgongo tu, inasusa.”

Nilicheka pia, lakini roho ilikuwa juu. Jumamosi mpwa wangu Anyesi, mtoto wa dada yangu Skola kule Mgeta, alikuwa anatolewa ndani, unyago umekwisha. Siku hizi mwali anakaa ndani likizo ya shule tu, ila mambo mengine hayajabadilika. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na pale nyumbani mwali havuki mlango mpaka mjomba wake awe amekaa nje anamsubiri. Si mjomba wa kutuma salamu. Mjomba mwenyewe, na Skola hana kaka mwingine zaidi yangu. Tena Jumamosi ndiyo siku malori yanapanda kuchukua mboga, na ofisini hakuna mwingine anayeijua ile programu.

Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia dada. Yote yalikuwa mabaya.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika. Seva ina betri yake, haikuzimika. Kompyuta ya mezani kwangu, ninayoitumia kuingia kwenye seva, ilizimika palepale. Umeme uliporudi nikaingia tena: seva iko macho, programu imekufa. Nikabaki nimekodoa macho. Sikuwa nimegusa kitu. Kilichozimika ni meza yangu tu, pamoja na dirisha la kwenye skrini nililoiwashia programu.

Basi ndiyo ilikuwa hiyo. Nilikuwa naiwasha ndani ya dirisha langu, na dirisha likifungwa inaondoka nalo. Kila jioni nilikuwa naiua mwenyewe, kwa ustaarabu wa kufunga vizuri.

Na kufunga vizuri ndiko nilikolelewa. Kabla ya haya nilikuwa kiwanda cha nguo, enzi kikiwa cha serikali, kabla hakijauzwa na sisi kupunguzwa. Msimamizi wetu alikuwa na amri moja tu: mashine haibaki inazunguka bila mtu. Zima, funga, ndipo uage wenzako. Sisi tuliopita pale tunazima hata redio za majirani. Mwingine angesahau dirisha wazi siku moja, akaigundua siri kwa uvivu wake. Mimi sikusahau hata mara moja.

Dawa ni neno dogo linalotangulia amri, nohup. Linaiambia programu kwamba mwenye dirisha akiondoka isishtuke, iendelee na kazi. Nikaiwasha hivyo, nikalifunga dirisha kwa makusudi, nikaenda kwa mama lishe kunywa chai. Chapati nikaiacha nusu. Niliporudi ilikuwa hai.

Lakini kunywa chai si kulala usiku. Nikapanda gari la Mgeta na wasiwasi wangu.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kung’ata masikio. Pale kwa dada simu haishiki. Mtandao uko juu, kwenye kona ya kanisa. Nilitaka nikimbie mara moja nikaulize kama kuna aliyepata meseji. Skola akaweka kigoda mbele ya mlango.

“Mjomba, kaa. Ukiinuka hapo mtoto hatoki.”

Nikakaa. Ngoma inalia, kina mama wanacheza, na mimi, nakiri, nawaza seva. Niliona aibu.

Ndipo nikasikia sauti barabarani, chini ya nyumba. Mzee Kobelo, jirani yake Skola, alikuwa amesimama mbele ya lori na matenga yake ya kabichi, akimwonyesha dalali simu.

“Usinitanie kijana. Bei ya mjini ninayo, imeingia alfajiri nikiwa kanisani. Ongeza, au kapakie mawe.”

Nilitaka kuruka. Sikuinuka.

Mlango ukafunguliwa. Anyesi akatoka amebebwa mgongoni, kanga mpya, macho chini kama alivyofundishwa. Wakamshusha mbele yangu. Kazi ya mjomba ni kumshika mkono mpaka katikati ya uwanja, kisha amwachie acheze mbele za watu. Tukaenda. Mkono wake ulikuwa wa moto, na mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Tulipofika nikasimama naye tu, watu wanasubiri, hadi Skola akaja akanifinya kiuno.

Nikamwachia.

Jana meseji zimetoka. Leo pia zimetoka, nami nimezipokea kwenye simu nikiwa bado kitandani, macho wazi tangu kabla ya adhana, nimeshavaa soksi.

Kesho nitajaribu kulala.